Kujenga Pale Moto Utakaporudi

Nyumba nyingi zinazoteketea kwa moto wa msituni haziungui wakati moto unapita. Huungua baadaye. Ule ukuta wa ndimi tunaouona kwenye televisheni hukaa mahali pamoja kwa dakika chache tu, kwa sababu ukishamaliza majani makavu na vijiti hauna tena cha kula pale. Unasonga mbele. Nyuma yake unaiacha nyumba imesimama, kuta nzima, madirisha mazima, na mwenye nyumba akiitazama kwa mbali hushukuru Mungu kwamba imenusurika. Saa moja au mbili baadaye moshi huanza kufuka chini ya paa.

Kilichotokea pale juu ni kidogo mno kuonekana. Upepo ulibeba kipande cha gome la mti, bado chekundu, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kikaingia kwenye mwanya ulio chini ya mgongo wa bati, pale bati linapokutana na ubao wa upenuni, kikatua juu ya vumbi, majani makavu na viota vya ndege vilivyorundikana darini kwa miaka. Upepo uleule uliokileta ukaendelea kukipuliza. Hakuna mtu ndani wa kunusa. Vumbi likashika, kisha mbao za kenchi zikashika, na moto unaolila paa kutokea ndani hauzimwi na mtu aliyesimama uani na mpira wa bustani.

Jambo hili lilithibitishwa kwa kupekua majivu. Baada ya moto wa 16 Februari 1983, ambao Waaustralia wanauita Jumatano ya Majivu na uliowaua watu 75 katika majimbo ya Victoria na Australia Kusini, watafiti wa CSIRO, taasisi ya taifa ya sayansi, walipita nyumba hadi nyumba katika milima ya Otway wakiandika kipi kimeungua, kipi kimesalia, na kwa sababu gani. Majirani wa uzio mmoja walitofautiana: mmoja hana hata kijiko, mwenzake nyumba yake haina alama. Chanzo walichokikuta mara nyingi zaidi kilikuwa cheche. Wakakuta pia kwamba pale alipokuwapo mtu mzima wa afya wa kuzizima zikiwa bado changa, nafasi ya nyumba kupona iliongezeka sana.

Kwa hiyo anayetaka kujenga kwenye nchi ya moto aanze hapo. Adui yake wa kwanza anapimwa kwa milimita. Mtu anaweza kumwaga mamilioni kwenye kuta za zege na milango ya chuma, akaacha tundu moja la hewa bila wavu, na tundu hilo likaamua yote. Nasema hivi mapema kwa sababu mazungumzo kuhusu nyumba zinazostahimili moto huishia kwenye vifaa vya gharama, na watu wasio na fedha hizo huondoka wakiamini hawana la kufanya. Wanalo, na ni jingi.

Australia imejifunza somo hili kwa vifo vingi, na hakuna mahali lilipofundishwa kwa ukali kama kwenye vilima vya kaskazini-mashariki mwa Melbourne, katika jimbo la Victoria. Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009 jiji hilo lilifikia nyuzi joto 46.4. Ukame wa miaka mingi ulikuwa umeshaukausha msitu. Kabla ya saa sita mchana waya wa umeme ulikatika karibu na Kilmore East. Upepo mkali kutoka kaskazini ukausukuma moto, ukairuka barabara kuu ya Hume kana kwamba haipo, na cheche zake zikawa zinawasha moto mpya mbele ya ule wa kwanza, nyingine zikitua zaidi ya kilomita 30 mbele. Jioni upepo ukageuka ghafla na kuvuma kutoka kusini-magharibi. Ubavu mrefu wa moto, uliokuwa ukitambaa polepole, ukawa uso wake, ukapanda mlima kuelekea mji wa Kinglake. Mashariki zaidi, moto mwingine uliufuta karibu mji wote wa Marysville. Watu 173 walikufa na nyumba zaidi ya 2,000 zikateketea. Moto wa Kilmore East peke yake uliua watu 119.

Kilichowatikisa Waaustralia kuliko idadi ni mahali walipokufa. Wengi walikufa ndani ya nyumba zao. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imewafundisha wananchi kanuni moja: jiandae, kisha ama ubaki uilinde nyumba yako, ama uondoke mapema. Nyumba ilihesabiwa kuwa ngao. Ungeingia ndani dakika zile ukuta wa moto unapopita, kisha ungetoka na ndoo na dekio kuzima cheche. Kanuni hiyo ilikuwa imeokoa watu wengi katika moto wa kawaida, lakini Jumamosi ile haukuwa moto wa kawaida. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Bernard Teague ilitoa ripoti yake ya mwisho Julai 2010 ikiwa na mapendekezo 67, na sehemu nzito ya mapendekezo hayo ilihusu nyumba: ijengwe wapi, ijengwe vipi, na ni lini mwenyewe aiache.

Ijengwe wapi ndilo swali la kwanza, na ramani inajibu vizuri kuliko fundi. Watafiti walipopima picha za angani za Kinglake na Marysville walikuta kwamba robo ya nyumba zilizoteketea zilikuwa ndani ya mita moja kutoka kwenye mimea ya msitu. Kiasi cha asilimia 60 zilikuwa ndani ya mita 10. Miti ilikuwa imeinamia mapaa. Ninaelewa kwa nini. Watu walihamia kule kwa ajili ya miti hiyohiyo, kwa kivuli na harufu yake na sauti ya ndege alfajiri, na kumwambia mtu aliyekimbia jiji afyeke alichokifuata ni kumwomba jambo zito.

Lakini miti hiyo si ya kawaida. Milima ile imejaa mikaratusi ya aina nyingi, na mmoja wao, ulio miongoni mwa miti mirefu kuliko yote itoayo maua duniani, huzaliana kwa moto. Moto mkali humuua mzazi, kapsuli zake zilizo juu hufunguka, na mbegu humwagika kwa wingi kwenye majivu yenye rutuba na mwanga. Aina nyingine huambua magome marefu yanayoning'inia kama riboni, makavu, mepesi, yenye kubeba moto angani. Majani yake yana mafuta yanayowaka. Msitu wa namna hiyo umeungua, utaungua, na ukishaungua unaanza upya kujiandaa kuungua. Mwaka 1939 watu 71 walikufa Victoria katika moto wa Januari. Mwaka 1983 ukarudi. Mwaka 2009 ukarudi. Mchoraji wa nyumba asiyeanza na hilo anachora kwa ajili ya nchi nyingine.

Ndiyo maana kabla ya mchoro kuidhinishwa, mpimaji hufika kiwanjani. Kazi yake haichukui muda mrefu, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Anasimama mahali ukuta wa nyumba utakapokuwa na kuangalia pande zote hadi mita 100. Anaandika ni mimea gani iliyopo: msitu, vichaka, au nyasi. Anapima umbali kutoka ukutani hadi mmea wa kwanza wa kundi hilo. Kisha anapima mteremko, si wa pale nyumba ilipo bali wa pale mimea ilipo, kwa sababu moto hupanda mlima kwa kasi. Kila nyuzi 10 za mwinuko kasi yake huongezeka karibu mara mbili. Ukiteremka hupungua vivyo hivyo. Nyumba iliyojengwa juu ya kilele ili kupata mandhari ya bonde imejiweka kwenye njia ya moto unaopanda.

Vipimo hivyo vitatu huingizwa kwenye jedwali la kiwango cha taifa cha ujenzi kiitwacho AS 3959. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Toleo jipya lililokuwa limeandaliwa kwa muda mrefu likatoka Machi 2009, majivu ya Kinglake yakiwa hayajapoa vizuri. Jedwali linatoa namba, inayoitwa BAL, inayoonyesha ni joto kiasi gani ukuta utapigwa nalo. Ngazi ni sita: chini, 12.5, 19, 29, 40, na ya mwisho ambayo haina namba, kwa sababu pale ndimi zenyewe zinaigusa nyumba. Namba hizo ni kilowati kwa kila mita ya mraba. Ili kuzielewa, kumbuka kwamba jua la saa sita mchana lisilo na wingu ni kama kilowati moja kwa mita hiyo. Nyumba ya BAL 29 inajengwa ili ivumilie majua 29 kwa wakati mmoja.

Kwenye uwanda tambarare wa Victoria, ukuta ulio chini ya mita 19 kutoka msituni uko ngazi ya ndimi. Kuanzia mita 35 unashuka hadi ngazi ya 19, na ukifika mita 48 uko ngazi ya 12.5. Sasa uweke msitu huohuo kwenye mteremko wa nyuzi 5 hadi 10 chini ya nyumba: zile mita 19 za hatari kuu zinakuwa 31. Mbele ya nyasi tupu, kwa upande mwingine, mita 19 zinatosha kukufikisha kwenye ngazi ya 12.5. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba kusogeza msingi hatua chache ndani ya kiwanja chake, kabla hata tofali moja halijanunuliwa, kunaweza kumpunguzia gharama kubwa ya vioo na milango. Ningekuwa na neno moja tu la kumpa anayenunua kiwanja, ningempa hilo.

Baada ya hapo ndipo fundi anaingia.

Paa liwe rahisi. Kila kona ya ndani, kila bonde kati ya mapaa mawili, ni mahali majani yanapokusanyika na cheche zinapokusanyika juu yake. Paa la mabati lenye pande mbili tu na mteremko wa kutosha hujisafisha. Bati halishiki moto, lakini migongo yake huacha matundu mwanzo na mwisho, upenuni na kwenye kofia, na matundu hayo huzibwa kwa pamba ya madini au kwa vipande vya chuma vilivyokatwa kufuata umbo la bati. Chini ya vigae hutandikwa utando wa foili, kwa sababu vigae huinuka vikipigwa na upepo. Gata ndiyo sehemu inayosumbua. Ikijaa majani makavu inakuwa utambi uliozunguka nyumba nzima, na hakuna kiwango cha ujenzi kinachoweza kumpandisha mwenye nyumba kwenye ngazi kila mwezi akaisafishe. Wengine wameamua kutoweka gata kabisa, maji yakamwagika kwenye mtaro wa kokoto chini.

Kila tundu la hewa, kila dirisha linalofunguka, huvishwa wavu. Kiwango kinataka matundu ya wavu huo yasizidi milimita 2, na wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu, shaba nyeusi au alumini. Hapa pana jambo la kukumbukwa na kila anayedhani ameshajikinga kwa sababu madirisha yake yana wavu wa mbu. Wavu wa nailoni huyeyuka mara joto linapoukaribia, na kinachofuata kinaingia bila kizuizi. Ule wa chuma hufanya kazi mbili: huzuia cheche, na hupunguza joto linaloupiga uso wa kioo. Kioo cha kawaida hupasuka mapema, kwa kuwa katikati yake hupata moto huku kingo zilizofichwa kwenye fremu zikibaki za baridi. Kikipasuka na kuanguka, sebule imefunguliwa. Kwa hiyo kuanzia ngazi za kati hutumika kioo kilichokomazwa kwa joto, chenye unene wa milimita 5 au 6, na kwenye ngazi za juu kabisa huongezwa vifuniko vya chuma vinavyofungwa kwa nje.

Kuta zina sifa kuliko zinavyostahili. Matofali, zege, mawe, hata tofali la udongo mbichi, vyote vinakubalika mradi unene ufikie milimita 90. Katika wilaya za Eltham na St Andrews, chini ya mlima wa Kinglake, kuna utamaduni wa nyumba za udongo ulioenezwa na mjenzi Alistair Knox baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyumba za kupendeza ambazo mtu wa Iringa au Machakos angezitambua kuta zake kwa kuzipapasa. Udongo hauungui. Lakini ukuta wa udongo unaobeba dirisha kuukuu la mbao na upenu ulio wazi hauwezi kuiokoa nyumba iliyo nyuma yake. Mbao nazo hazikukatazwa kabisa: aina saba za mbao ngumu nzito zinaruhusiwa hadi ngazi ya 29 kwa sababu zinachelewa kushika, na inashangaza kuona kwamba miongoni mwa hizo ni mikaratusi yenyewe.

Sakafu ni bora ikikaa juu ya zege lililomwagwa ardhini. Nyumba za zamani za Australia zilisimama kwenye vigingi, upepo ukapita chini kupoza vyumba, na katika uvungu ule watu wakahifadhi kuni, viti vibovu na makopo ya rangi. Sijaona maelezo bora ya jinsi nyumba inavyoandaliwa kuungua. Veranda ya mbao yenye nafasi kati ya ubao na ubao ni mtego wa aina hiyohiyo: cheche zinajipanga kwenye nafasi hizo. Zulia la kufutia miguu mlangoni hubeba moto hadi kizingitini.

Halafu maji. Siku ya moto bomba la mji hukauka kwa sababu kila mtu amefungua, na umeme hukatika kwa sababu nguzo zinaungua, hivyo pampu ya umeme ni pambo. Kwa kiwanja kinachozidi mita za mraba 1,000 katika maeneo hatari ya Victoria, sheria inataka tangi la lita 10,000 lililotengwa kwa moto pekee, la zege au la chuma, lenye koki ambayo gari la zimamoto linaweza kuunganisha. Kwa nini lisiwe simtanki la plastiki, ambalo ni rahisi na jepesi? Kwa sababu plastiki huyeyuka hadi usawa wa maji, na mabomba ya plastiki yaliyo juu ya ardhi yanalegea na kumwaga yote kabla hujayatumia. Bomba lifukiwe au liwe la chuma, pampu iwe ya dizeli au petroli, nayo ijengewe kibanda kisichoungua.

Uani kuna kanuni inayojulikana Victoria kama 10/30, iliyoletwa baada ya 2009. Ndani ya mita 10 kutoka kwenye nyumba mwenyewe anaruhusiwa kuondoa mmea wowote, miti ikiwamo, bila kuomba kibali. Hadi mita 30 anaruhusiwa kuondoa vichaka na nyasi lakini si miti. Wapenzi wa misitu waliilalamikia, na nawaelewa, kwa kuwa mti wa miaka 80 haurudi kwa kuomba radhi. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi ya uani haihitaji shoka. Ni kufagia. Ni kukata nyasi ziwe fupi, kuondoa kichaka kilichoegemea dirisha, kusogeza kuni mbali, kugeuza vali ya mtungi wa gesi itazame upande usio na nyumba. Katika kitongoji cha Duffy, jijini Canberra, moto wa 18 Januari 2003 uliingia mitaani kutoka kwenye mashamba ya misonobari ya ng'ambo ya barabara, kisha nyumba zikaanza kuwashana zenyewe kwa zenyewe. Uzio wa mbao wa jirani, banda la jirani, gari la jirani vilikuwa kuni. Mtu anaweza kufuata kila kifungu na bado akaunguzwa na anayeishi pembeni yake, ndiyo maana kufagia kwa mtaa mzima kuna thamani kuliko ukuta wa tajiri mmoja.

Yote haya yakifanyika, nyumba imekuwa salama? Hapana, na kiwango chenyewe hakidai hivyo. Kinasema wazi kwamba kukifuata hakutoi hakikisho kuwa jengo litapona. Sababu moja imo ndani ya hesabu. Jedwali la Victoria limekadiriwa kwa siku ambayo kipimo cha hatari ya moto ni 100, na namba 100 iliwekwa zamani na mwanasayansi Alan McArthur ikiwakilisha siku mbaya kuliko zote alizozijua, ile ya Januari 1939. Februari 2009 kipimo kilipita 100 kwa mbali. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya 1939, ikaletewa kitu kikubwa zaidi. Tangu 2009 Australia ina ngazi ya tahadhari iliyo juu ya zote, ya janga kuu, na siku ikitangazwa hivyo ushauri ni mmoja: ondoka kwenye maeneo ya msitu mapema, ikiwezekana usiku uliotangulia, kwa kuwa nyumba hazikujengwa kwa hali hiyo. Nyumba inajengwa vizuri ili uwe na pa kurudi, na ili siku barabara ikifungwa na mti ulioanguka, nawe umekwama, ikupe zile dakika chache za ukuta wa moto kupita.

Wapo ambao hawakurudi. Tume ilipendekeza serikali ya Victoria inunue viwanja vya watu walioteketezewa nyumba kwenye sehemu zisizolindika, na serikali ikaanzisha mpango wa hiari. Baadhi waliuza. Wengine walijenga tena palepale, na wengine walikuta kwamba fidia ya bima haifiki gharama ya nyumba ya ngazi mpya waliyopangiwa. Hapo ndipo naona udhaifu mkubwa wa utaratibu mzima: unazibana nyumba mpya, ilhali nyumba nyingi zinazosubiri moto ni kuukuu, zina wazee ndani yake, na hakuna kifungu kinachowalazimisha wala kinachowasaidia kuvisha wavu matundu yao. Mzee wa miaka 75 hapandi ngazi kusafisha gata. Kiwango kinanyamaza hapo.

Pia kuna maarifa yaliyokuwapo kabla ya kiwango. Wataungurung na Wawurundjeri, wenyeji wa milima ile, walikuwa na desturi ya kuchoma maeneo madogo kwa moto mdogo, mahali pake na majira yake, na kazi ya watu kama Victor Steffensen, anayefundisha uchomaji huo katika sehemu mbalimbali za Australia, imeanza kuwafanya wakuu wa zimamoto wasikilize. Moto mdogo wa msimu sahihi hula majani ambayo yangelisha moto mkubwa. Wakulima wa miombo kwetu Afrika Mashariki wanalijua jambo hilo.

Na mkaratusi wenyewe tunaujua. Uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kutoa kuni za injini za reli ya Uganda, ukaenea nyanda za juu zote, na leo unasimama pembeni ya nyumba za Njombe, Mufindi, Lushoto na Kericho. Mufindi ndiko liliko shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali ya Tanzania, na kandokando yake wananchi wamepanda misonobari na mikaratusi yao hadi kwenye nyua. Watu wa kule wana jina la moto unaotoroka kwenye shamba linaloandaliwa au kwenye mzinga unaorinwa: moto kichaa. Oktoba 2020 Watanzania wote waliona kwa macho moto ukila mteremko wa Kilimanjaro kwa siku nyingi, baada ya kuanza eneo la Whona, wanapopumzika wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo.

Hali yetu haifanani na ya Victoria. Hatuna nyuzi 46 wala upepo ule, na msitu wetu wa asili wa milimani ni wa unyevu. Lakini tunapanda msitu wa Australia kandokando ya nyumba zetu, huku tukiezeka mabati juu ya kenchi zilizo wazi upenuni, mahali pengine makuti na nyasi, na kuweka nailoni madirishani. Fundi wa Mufindi ana kila kitu anachohitaji kurekebisha hayo. Wavu wa chuma wa matundu ya milimita 2 unapatikana kwa wauza vifaa vya ujenzi. Mabaki ya bati yanaweza kukatwa yakaziba migongo. Saruji inaziba mwanya kati ya ukuta na ubao. Safu ya kwanza ya miti, ile iliyopandwa mita 3 kutoka jikoni, inaweza kuvunwa kabla ya nyingine na isipandwe tena, pakalimwa mboga za kumwagilia ambazo haziungui. Msimu wetu mbaya ni Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na mashamba yanaandaliwa kwa ajili ya mvua. Kazi hii inafaa iishe Juni, ngazi ikiwa bado inaazimwa kwa jirani bila foleni.